Sauti Yako Ilisema Hapana

Yaya Mwamini, dada yangu mkubwa,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako siulizi, maana nilikuwapo walipokufunika udongo, na mdogo wako sijawa mjinga kiasi hicho. Nianze na lile ambalo ungeuliza wewe hata kabla ya salamu: Sifa anakula. Bado hataki mboga ya sombe iguse bugali, kwa hiyo ni sahani mbili, kama ulivyomzoeza mwenyewe. Samaki wa Nyangwe anamla mpaka mfupa unabaki mweupe. Analala. Yuko kwangu hapa Kasongo, na wakati huu ninapoandika amekaa chini ya meza ya cherehani anapanga vifungo vyangu kwa rangi. Ole wake mteja atakayeomba kifungo chekundu leo.

Haya, umepumua. Sasa kaa nikueleze, kwa sababu kuna jambo limetokea Wamaza, kwa wakwe zako, na kila ninayemsimulia analicheka au analisifu. Wewe ndiye litakuuma kama linavyoniuma mimi. Ulikosea, Yaya. Ulikosea kwa sauti yako mwenyewe, mbele ya ukoo mzima wa mume wako.

Unakumbuka tableti ilivyofika? Daktari alikuwa ameshasema kwamba mtoto ana otisme, ambayo Kiswahili cha vitabu kinaita usonji, na mama mkwe wako akauliza hiyo otisme imetoka upande gani wa ukoo. Wewe hukumjibu. Ulikwenda kwenye mafunzo ya walimu, ukarudi na tableti na ile programu yake ya hadithi: picha zinapita, sauti inauliza, halafu nyuso zinatokea chini na mtoto anagusa uso mmoja, na sauti inamwambia kama amepata au amekosa. Anayefurahi, anayekasirika, anayelia, anayeogopa. Ulisema ni ya kuwasaidia watoto kama Sifa waelewe hadithi, kwa sababu wanaona yaliyotendeka ila hawaoni yaliyo moyoni mwa mtendaji.

Hadithi ya kwanza ilikuwa ya mtoto wa Ulaya aliyepoteza glavu yake kwenye theluji. Sifa alikuwa akibonyeza nyuso zile za manjano ili asikie zinavyolia, basi. Ukakasirika. "Mutoto hajaona teluji hata siku moja, atamuonea nani huruma?" Ulipogundua kwamba programu inakubali picha zako na sauti yako, hatukulala kwa raha tena. Ukatunga hadithi ya mbuzi wa jirani aliyekula sombe ya mama mmoja, ukampiga picha mbuzi wa kweli, na nyuso ukaziomba kwetu. Uso wa furaha ni wa mume wako Amisi, siku aliporudi kutoka kuchimba dhahabu Salamabila. Uso wa kulia ni wa jirani yetu, uliyemmenyesha vitunguu. Uso wa hasira ni wangu, na sikuigiza, kwa sababu ulikuwa umeniharibia siku nzima ya soko. Uso wa hofu ulikosa mtu wa kuuvaa, ukajipiga mwenyewe, macho yamekutoka, ukasema unamuwaza chatu.

Na mwanzoni kabisa, kabla ya hadithi yoyote, ukaweka lile swali: "Sifa, mama, uko wapi?" Maana mtoto alikuwa haitiki jina lake. Tulimwita kwa jina, kwa kengele, kwa karanga. Alikuwa akituacha tunaita kama tunaita jiwe. Ulikaa naye kwenye kizingiti jioni baada ya jioni, swali lilelile, mpaka akaanza kujibu, kwa sauti ndogo, bila kukuangalia: "Niko." Ulikuja mbio kwangu bila viatu kuniambia. Nilikuambia urudi uvae viatu, watu watasema mwalimu amechanganyikiwa.

Sasa sikiliza.

Siku ya kumaliza kilio chako walitandika mkeka uani na kuweka vitu vyako vigawanywe, kama desturi inavyotaka, ili kitu cha marehemu kisibaki bila mwenyewe. Vitenge upande huu, masufuria upande ule, viatu vyako vya kufundishia, mwavuli wako. Na katikati mtu akaiweka tableti. Sijui nani. Mimi nilikuwa jikoni nagombana na moto.

Sifa akaiona. Hakuwa ameigusa tangu ulipolazwa hospitali. Akapita katikati ya watu bila kujali anakanyaga miguu ya nani, akachuchumaa, akaiwasha. Na wewe ukasema, kwa ile sauti yako ya darasani inayovuka barabara: "Sifa, mama, uko wapi?"

Na mtoto akajibu: "Niko."

Unajua mwenyewe. Kwetu, marehemu akikuita hujibu. Tulifundishwa tangu utotoni: ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, nyamaza, maana ukiitika umekubali kumfuata. Miaka yote ile tulimlilia Mungu mtoto huyu aitike, na siku alipoitika mbele ya watu wote, aliyemwita alikuwa amelala kaburini.

Wanawake walipiga yowe. Mtu aliangusha beseni la maji. Mama mkwe wako, ambaye Sifa anamwita koko kama watoto wote wa kwetu wanavyowaita bibi zao, alivua kitenge cha begani, akaifunika tableti na kuikumbatia kwa nguvu ili usisikike tena. Akasema: "Mama yake iko anamuita. Mukimuacha, atamufuata."

Kuanzia hapo sauti yako ikawa na kesi. Koko aliondoka nayo kwenda Wamaza, imefungwa ndani ya kitenge, ikafungiwa kwenye sanduku lake la bati. Ikasemwa kwamba Amisi akishuka kutoka Salamabila ukoo utakaa, na uamuzi ulikuwa umeshapikwa, umebaki kupakuliwa tu: tableti itupwe mtoni, na Sifa ahamie Wamaza, aogeshwe dawa, akue huko mbali na kaburi lako. Nilikuwa na haki gani ya kubisha? Mtoto ni wa upande wa baba. Mimi nilikuwa na mdomo tu, na wewe unajua mdomo huponza kichwa, wangu hasa.

Wiki zile Sifa alipokuwa kwangu tukingoja kesi, sitaki kuzikumbuka. Sifa alikuwa akikaa mezani anagonga mbao kwa kidole, mahali pale ulipokuwa ukiiweka tableti mlipokuja kunitembelea, anangoja, anagonga tena. Nilimchorea nyuso kwa chaki yangu ya kushonea. Akazifuta kwa kiganja, moja baada ya nyingine, kwa adabu kabisa. Halafu maneno yakaanza kumpotea mdomoni bila kurudi. Akaacha "maji". Akaacha "sitaki", akawa anajiuma mkono badala yake. Niliogopa, Yaya. Si dawa ya majani niliyoiogopa. Niliwahi kumwona mtoto wa namna yake, kijiji kimoja huko Kabambare, amefungwa kamba kiunoni kwenye nguzo ya jikoni. Mama yake hakuwa mkatili. Alikuwa na shamba la kulima na hakuwa na mtu wa kumwachia. Kila nilipolala niliiona ile kamba.

Ujumbe ukaja: Amisi amefika, mlete mtoto.

Tulikwenda kwa pikipiki, Sifa katikati, masikio nimemfunga kwa skafu yako ya njano. Barabara ilikuwa tope. Nilimwambia dereva apunguze, akajibu: "Mama, njia hii ukipunguza, unalala humo." Basi nikashika mtoto na kunyamaza, na njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya neno ulilokuwa ukiniambia kila nilipotaka kugombana na wateja: "Faida, meza mate kwanza."

Walitukalisha uani kwa baba mkubwa wa Amisi, Muzee Ramazani. Walisoma dua, nami Mkristo nikaitika amina kwa moyo wote, kwa kuwa siku ile nilikuwa nahitaji kila mtu anayesikia. Amisi alikuwa kwenye kigoda, anakwangua tope la Salamabila kwenye kiatu kwa kijiti. Hakuinua macho. Nilimchukia kidogo. Halafu nikaona kijiti kimeshavunjika na bado anakwangua, nikaacha kumchukia.

Koko akaanza. Nilikuwa nimejiandaa kupigana na mchawi, Yaya, nikakuta bibi. Alisema: "Mukwe wangu nilimuzika. Nilimupenda, hata kama hatukupatana. Sitaki nizike na mujukuu." Akakaa. Muzee akageuka kuniangalia mimi, na nilijua nikifungua mdomo vibaya nimempoteza mtoto wako.

Nikameza mate. Nikasema: "Muzee, hata mwizi wa mbuzi wanamusikiliza kabla ya kumukatia kesi. Hii sauti mumeishitaki, lakini hakuna mutu hapa aliisikiliza mupaka mwisho."

Muzee alikuna goti muda mrefu. Koko alisema hapana, hapana. Muzee akasema kesi haikatwi mshitakiwa akiwa sandukuni. Isikilizwe. Mara moja tu. Halafu mto.

Ikaletwa na kitenge chake. Betri ilikuwa imebaki kipande chekundu. Nilimwekea Sifa mapajani, na mikono yangu ikabaki bila kazi.

"Sifa, mama, uko wapi?"

"Niko."

Watu walivuta pumzi. Koko alijifunika kitenge kichwani mpaka machoni. Mbuzi akapita, akaikuta sombe, akaila. Ukauliza mbuzi amefanya nini, na Sifa, ambaye hakuwa ametamka sentensi kamili tangu tableti ifungiwe, akasema: "Amekula sombe." Amisi akainua kichwa. Halafu ukauliza: "Na mwenye sombe anajisikiaje?" Nyuso zikatokea.

Jibu ni mimi. Kila siku alikuwa akinibonyeza mimi, uso wa hasira, na wewe ukimsifu. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Lakini Sifa hakubonyeza. Aliinua macho, akamwangalia Koko. Simaanishi pembeni yake, au juu ya bega, au sikio lake. Alimwangalia usoni, pale kitenge kilipoishia. Mkono wa Koko ulikuwa umekikaza kitenge chini ya kidevu. Akamwangalia, akamwangalia, akarudi kwenye tableti na kubonyeza uso wako wewe. Ule wa chatu. Hofu.

Ukasema: "Hapana, mama. Jaribu tena."

Akabonyeza palepale.

"Hapana, mama. Jaribu tena."

Mtu nyuma yangu akanong'ona: "Ona, hata mashini inamukatalia." Nilitaka kukishika kidole chake nikipeleke kwenye uso wangu, Yaya, nakuapia, kidogo tu nifanye hivyo. Betri ilikuwa inapepesa.

Sifa akasimama na tableti yake. Akavuka mkeka. Huyu mtoto asiyependa kugusa wala kuguswa alikishika kitenge cha Koko kwa vidole viwili na kukisogeza pembeni, taratibu, mpaka uso wote ukaonekana. Akaisimamisha tableti karibu na shavu la bibi yake, uso wako na uso wake, macho yaliyotoka na macho yaliyotoka. Kina mama wakaanza kuinuka, kwa sababu wao waliona marehemu amewekwa shavuni mwa mtu hai. Akabonyeza.

"Hapana, mama. Jaribu tena."

Na Sifa akakujibu. Akakubishia, kwa ile sauti anayotumia kukataa sabuni: "Koko anaogopa."

Kina mama waliokuwa wameinuka wakakaa tena.

Muzee Ramazani ndiye alisema, polepole: "Ni kweli. Iko anaogopa. Sisi wote tunaogopa hapa." Halafu akaiangalia tableti, na ikazimika hapohapo, betri imekwisha. Akasema: "Mwamini tulimujua. Mutoto wake aone moyo ya mutu, halafu yeye aseme hapana? Mwamini angelia. Angepiga vigelegele mupaka Salamabila wasikie. Hii si Mwamini. Hii ni kitu inarudilia tu maneno aliyoiachia."

Hapana yako ndiyo iliyotuokoa, Yaya. Wewe hai usingeisema.

Koko hakuwa anasikiliza maneno ya Muzee. Alikuwa anamwangalia mtoto ambaye tangu azaliwe hajawahi kumtazama machoni, akawa anasema, si kwa mtu yeyote: "Ananiona. Mutoto huyu ananiona." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Amisi alikwenda akapiga magoti mbele yao wote wawili, na hakumgusa Sifa, kwa sababu anamjua. Aliweka tu mkono wake kwenye mkeka karibu na mguu wake.

Mimi nilitoka. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikalia kwa hasira, na niliyemkasirikia ni wewe. Ungeniona ungenipiga picha. Najua ulichofanya: hadithi ya mbuzi uliipa jibu moja, hasira, kwa sababu mwenye sombe anakasirika. Hukujua kwamba siku moja mtoto ataiacha hadithi ya mbuzi na kuisoma hadithi ya watu waliomzunguka. Lakini ndicho ulichokuwa unakililia pale kizingitini jioni zote zile. Kikatokea. Na ulichomwambia ni hapana, na hapana, na hapana, na yeye akashikilia alichokiona. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema. Furaha yake je? Nani ataijua, kama wewe haupo?

Uamuzi ndio huu. Sifa anakaa kwangu Kasongo, asome. Likizo ni Wamaza. Tableti imerudi. Dawa ya majani aliogeshwa, Koko hakukubali kuiacha, na mimi nilimeza mate mpaka nikashiba. Sifa alipopiga kelele, Koko alisimama na kopo mkononi, akaniuliza: "Anachukia nini, maji ao majani?" Nikamwambia maji, ya baridi. Akaenda kuyapasha moto. Nakwambia, nilimpenda hapo.

Lakini usidhani yamekwisha. Muzee alisema mtoto akiugua homa yoyote tutakaa tena, na safari hiyo hakuna kusikiliza mara ya pili. Kwa hiyo Sifa akipiga chafya, mimi nasikia pikipiki ya Wamaza mlangoni. Namlaza ndani ya chandarua jua likiwa bado juu. Namchemshia maji ya kunywa mpaka majirani wananicheka. Wacha wacheke.

Koko alikuja juzi kutuletea karanga. Alipoingia tu, Sifa alipunguza sauti ya tableti. Hakuna aliyemfundisha. Alimwangalia bibi, akapunguza, akaendelea. Koko aliona. Alijifanya anatafuta mahali pa kuweka kikapu.

Watu wananishauri nifute sauti yako, niweke yangu, mambo yapoe. Sifuti. Ila nimeongeza hadithi moja, ya kwangu ya kwanza, na kuitunga kulinitoa jasho kuliko suti ya bwana harusi. Kuna uwanja, kuna mkeka, kuna bibi mwenye kitenge kichwani. Koko mwenyewe alikubali kupigwa picha, akaomba kwanza abadilishe kitenge. Mwishoni mimi nauliza: "Koko anajisikiaje?" Jibu ni uso wako. Na kwa kuwa ile sauti yako ya kumsifu kwenye hadithi ya mbuzi bado imo, niliichukua huko nikaibandika hapa. Jana aliubonyeza uso wako, na ukasema kwa sauti yako mwenyewe: "Ndiyo, mama! Umeona!"

Hakuruka wala kucheka. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyengoja jirani yake aelewe, na sasa ameelewa.

Nakuahidi kitu kimoja, na nakiahidi nikiwa na sindano mdomoni, kwa hiyo siwezi kusema maneno mengi. Akinijibu jambo ambalo sikulitarajia, sitasema hapana kabla sijageuka kuangalia anachokiangalia yeye.

Lala salama, Yaya wangu. Usimwite tena, hata kwa mapenzi. Ukitaka kumwita, niite mimi, nami nitanyamaza kama tulivyofundishwa. Yeye yuko, na alijibu vizuri.

Mdogo wako,
Faida